Kistari Mahali pa Kabila

Makaratasi ya nyumbani kwetu yalinuka sabuni. Mama aliyatia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kipande cha sabuni ya bluu, kama alivyozoea katika kambi ya wakimbizi ili wadudu wasiyale, ingawa katika nyumba yetu ya kupanga Toongabbie, magharibi mwa Sydney, sikuwahi kumwona mdudu mla karatasi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na mimi ndiye niliyekuwa karani wa nyumba. Mama alitoka Uvira, Kongo, akijua kusoma vizuri, lakini Kiingereza cha fomu kilimpiga chenga, hivyo kila bahasha iliyofika niliifungua mimi, nikajaza fomu mezani huku yeye akichambua sombe, majani ya muhogo. Tulikuwa na utaratibu wetu. Jina, andika. Tarehe ya kuzaliwa, andika tarehe moja Januari, maana kwa mujibu wa waliotuandikisha kambini familia nzima tulizaliwa siku hiyo. Kabila, weka kistari. Hapo hapakuwa na mjadala. Baba yangu mzazi alishushwa kwenye lori katika kizuizi cha barabarani kwa sababu kitambulisho chake kilionyesha anakotoka, na hakurudi. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama aliuona ung'ongo katika kila fomu, hata ya maktaba.

Mume wake wa pili, Papa Hemi, alitoka New Zealand. Aliendesha foklifti katika ghala ambako Mama alifunga maboksi. Siku ya kwanza nilidhani ni Mzungu tu aliyeungua na jua. Kumbe mama yake alikuwa Mmaori, wenyeji wa asili wa kule, na baba yake Mpakeha, ndivyo wanavyowaita Wazungu wa nchi ile, ingawa alituambia huku akicheka kwamba wapo Wapakeha wanaolikataa jina hilo kama mtoto anavyokataa dawa. Alitueleza pia kwamba zamani sheria ya kwao ilipima watu damu, nusu na robo, kuamua nani ahesabiwe Mmaori. Baadaye ikabadilishwa, ikatosha mtu kuwa mzao wa Mmaori. Yeye mwenyewe shuleni aliandikwa Mpakeha kwa sababu ya weupe wake, bila kuulizwa, na mama yake alilia siku alipoiona karatasi ile. Sisi husema mwacha asili ni mtumwa. Papa Hemi hakuiacha, alivuliwa akiwa mtoto, na alipokuwa akisimulia habari hiyo kicheko chake kilikwisha.

Ndugu yangu Wiremu alizaliwa mwaka huo. Januari iliyofuata, katika joto lililoyeyusha lami mbele ya nyumba, fomu ikafika kutoka kwa kabila la Papa Hemi, ya kumwandikisha mtoto katika daftari la wazao. Ilihitaji sahihi ya mzee anayeujua ukoo, na mzee huyo alikuwa bibi yake Wiremu, ambaye alikuwa mgonjwa sana. Papa Hemi alitaka jina la mwanawe liingie mama yake akiwa hai. Aliniandikia kwenye karatasi ya pembeni majina ya mababu, moja chini ya jingine mpaka ukurasa ukajaa, akaniomba niyanakili kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko wake, kisha akaenda kazini.

Nilipofika mahali pa kabila nilinyanyua kalamu. Mama aliacha sombe, akaja kusimama nyuma yangu. Nikamsomea maswali kwa sauti.

"We mama, apo usiandike kitu," alisema, akiniita mama kama wanavyoitwa mabinti kwetu. "Weka kistari."

"Lakini Papa Hemi anataka."

"Ye hajue. Hajaona. Kama wanauliza mtoto ni wa kabila gani, andika no."

Nikaweka kistari. Kwenye swali kama mtoto ni mzao wa Mmaori, nikatia alama kwenye Hapana. Majina ya mababu sikuyanakili hata moja. Mama akatia sahihi, tukaenda kuitia bahasha ya kwenda kwa bibi kwenye sanduku la posta karibu na stesheni, yeye akimbeba Wiremu mgongoni kwa kitenge. Aliporudi nyumbani aliimba. Mimi kwa wiki tatu nilikimbilia simu kila ilipolia. Nilijua nimeandika uongo, na niliogopa kwamba Papa Hemi akijua atamchukua mtoto wake aende zake.

Simu yenyewe ililia Jumamosi moja tukinywa chai. Papa Hemi aliiweka mezani ili sote tusikie sauti ya mama yake. Bibi hakugomba. Alisema fomu anayo mkononi, akauliza, "Mwanangu, mnatuonea aibu?"

Alipokata simu, Papa Hemi alinitazama. Niliweka kikombe chini.

"Mimi njo nilimwambia," Mama alisema, kisha kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akamweleza habari ya lori, ya kizuizi na ya kitambulisho, mambo ambayo hata mimi sikuwahi kuyasikia yote. Papa Hemi alimpakata Wiremu.

"Sikujua," alisema. "Nilidhani kila mtu anataka kuandikwa."

Hakuondoka. Tulijaza fomu nyingine, safari hii nikanakili majina yote, lakini maji yakimwagika hayazoleki: bibi alikufa kabla haijafika. Dada yake bibi ndiye aliyetia sahihi. Najua bibi alipigiwa simu akaelezwa. Sijui kama aliamini.

Leo Wiremu ana miaka kumi na saba, mrefu kuliko mlango wa jikoni kwangu, hapa Blacktown. Mahali pa kabila anaandika bila kusita, na mababu wa baba yake anawataja kwa pumzi moja hadi wa mwisho. Mimi bado naweka kistari, na wala siwezi kusema ni kwa kumtii nani. Mwezi uliopita aliniuliza, "Dada, upande wa Mum naanza na nani?" Nikampeleka kwa Mama. Nilidhani atakataa. Mama alikaa kitandani, akamshika mkono, akamtajia jina la baba yake mwenyewe, kisha la babu yake, kisha la tatu, taratibu, kwa sauti ya chini mno hivi kwamba Wiremu aliinama ili asikie. Kabla ya kufika kwenye jina la kabila aliniuliza kama dirisha limefungwa.

Nje hapakuwa na mtu. Niliinuka nikalifunga.