Hodi Chini ya Pikapu

Kila anapotaka kuingia chini ya gari, fundi huyu hubisha hodi kwanza, na Hajira, aliyemwita nyumbani Misugusugu abadilishe breki na shokapu za pikapu yake, alimcheka asubuhi nzima. Mikono ya fundi ni mipana, kucha nyeusi zisizosikia sabuni, lakini nati alizilaza moja moja juu ya kipande cha kanga kama vifaranga. Nati ikigoma, aliibembeleza: "Njoo mama, njoo." Pedi za breki zilizokwisha alimpa Hajira azishike. Zilikuwa nyembamba kama kucha.

"Huku nyuma hupanda watu?" fundi akauliza.

"Mama yangu, tukitoka shamba Marui. Hukaa juu ya magunia ya muhogo. Mbele anasikia kichefuchefu."

Alipomaliza kazi, fundi alinawa, akapanda nyuma, akaketi palepale anapokaa mama, akashika bodi kwa mikono miwili.

"Twende mteremkoni, dada. Tukifika katikati, kanyaga breki."

"Nawe ukiwa huko?"

"Leo mama ni mimi."

Hajira alifungua mlango wa dereva, akasita.

"Hodi," akasema.

"Karibu," fundi akaitikia kutoka nyuma.