Siku Niliyoandika Sifuri

Kwa miaka mingi nilidhani kila mwanamke huumwa hivyo. Siku tatu za kila mwezi nilijikunja kitandani, nyumbani kwetu mtaani Fedha, chupa ya maji moto tumboni, na wanafunzi wangu wa darasa la nne wakaambiwa mwalimu ana malaria. Hatimaye daktari alinitoboa tundu dogo kitovuni, akaingiza kamera, akaniambia ugonjwa wangu una jina: endometriosisi. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi ilikuwa imeota mahali pasipo pake. Nikalia kwa furaha.

"Unafurahia ugonjwa?" akashangaa dada yangu, ninayeishi naye.

"Nafurahi kwamba sikuwa nikijisingizia."

Daktari huyo ndiye aliyenieleza kuhusu utafiti wa dawa mpya ya maumivu. Muuguzi akanisomea fomu taratibu. Baadhi yetu tungepewa dawa yenyewe, wengine vidonge visivyo na dawa ndani, na hata yeye hangejua nani kapewa kipi. Ningeweza kujitoa siku yoyote. Nikatia sahihi.

Mama, aliyekuwa amekuja kukaa nasi kutoka Kakamega, hakupenda. "Wanakufanya panya!" Siku ya kliniki iliyofuata akaandamana nami hadi ndani, akamkabili muuguzi. "Binti yangu akizidiwa, nani atamshika?"

"Mimi, mama. Na hii namba ya daktari, mpigie saa yoyote."

Mama akafungua mkoba na kumpa ndizi mbivu. Nikajua amekubali.

Kila jioni nilipaswa kuandika namba daftarini: sifuri ni hakuna maumivu, kumi ni yasiyovumilika. Mama aliifanya kazi hiyo kuwa yake.

"Leo ni ngapi?"

"Saba."

"Uso wako unasema nane."

"Mama, maumivu ni yangu!"

"Na wewe ni wa nani?"

Niliandika saba. Mwezi uliofuata tano, halafu nne. Kisha Jumamosi moja, nikiwa naanika nguo, nikakumbuka kwamba ni siku yangu ya pili ya hedhi. Nilisimama na shuka mkononi, nikijisikiliza tumboni kama mtu anayengoja hodi. Kimya. Nikamwita Mama kwa sauti hadi jirani akatoka.

Mchana huo mimi, Mama na dada tulikwenda soko la Burma kula nyama choma. Mama alimwambia mchoma nyama, "Tukatie mbavu nzuri, binti yangu leo ni sifuri!"

"Sifuri ya nini, mathe?"

"Wewe kata!"

Utafiti ulipokwisha niliambiwa nilikuwa katika kundi la dawa. Maumivu hayajaniacha kabisa. Iko miezi yanaporudi, madogo, nikayavumilia. Lakini muhula huu sijakosa somo hata moja, na jana darasa la nne walinilalamikia kwamba kazi za ziada zimezidi.