Pistoni Nane za Gari la Zahanati

Siku yangu ya kwanza kwenye gereji ya shamba sikushika hata spana. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na watoto wawili, nimetoka kuendesha trekta la mkonge, na kichwani mwangu nilijiona fundi nusu. Fundi Mkuu alikuwa mzee mfupi wa Kigombe, mwenye kofia ya viua ambayo sijui kwa siri gani haikuwahi kuingia doa la oili.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Jina lako?"

"Petro, mtu wa Muheza."

"Haya, Petro. Zile pistoni zitoe kwenye sanduku, uzipange kando ya bloku. Ukimaliza nenda nyumbani, tuonane alfajiri."

Nikadhani ananitania. Bloku ndilo pande kubwa la chuma lenye matundu yaitwayo silinda, na pistoni ndizo zinazopanda na kushuka humo ndani. Mimi nilitaka tuzitumbukize tumalize. Mzee akanicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, sanduku limeshinda juani kwenye lori. Pistoni imevimba. Ukiipima sasa itakudanganya, na wewe utamdanganya mwenye gari. Viache vilale banda moja, viamke na baridi moja."

Ndivyo tulivyofanya kazi. Tulipima kabla mabati hayajapata moto, na jua likishatukuta tuliacha tukashika kazi nyingine. Nyie vijana mnasoma maandishi ya kwenye boksi, mnafunga injini, mnaondoka. Sawa, zama zenu. Lakini gari likirudi kesho yake linavutwa kwa kamba msimlaumu muuza duka.

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Tulikuwa na fila, yaani vipande vyembamba vya chuma, kila kimoja na unene wake umechorwa kwa namba ndogo sana. Pistoni unaigeuza kichwa chini, unaiingiza kwenye silinda pamoja na kipande cha fila, halafu unakivuta. Kikitoka kwa kukwaruza kidogo, umepata. Kikipwaya, pistoni ni nyembamba mno. Kikigoma, ni nene, na injini ikipata moto itanata, maana pistoni za aluminiamu huvimba kuliko chuma kilichozizunguka. Fundi Mkuu alivuta fila huku amefumba macho. Nilidhani ni mbwembwe za ufundi. Miaka miwili mizima nilidhani hivyo.

Mwaka wa tatu tukaletewa gari la zahanati, la kizamani hata kwa wakati ule. Ndilo lililochukua wagonjwa kutoka Mwera kwenda hospitali ya Pangani. Sisi wenyewe tulikuwa tumelifunga injini miezi michache nyuma, nayo ikanata njiani na mama mjamzito ndani. Alijifungua chini ya turubai, kando ya barabara. Mungu saidia, wote wawili walipona.

Meneja wa shamba, Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi, alikuja mwenyewe bandani alfajiri ya kupima. Silinda zilikuwa zimekwisha kuchongwa upya mjini Tanga, na tulikuwa na pistoni nane, masanduku mawili, tuchague nne.

"Fundi," alisema, "hii ikinata tena, wewe basi. Utarudi Kigombe."

Kurudi Kigombe si adhabu, ni kwao. Lakini mkewe alikuwa hawezi miguu, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya shamba. Kazi ikiondoka, nyumba nayo inaondoka.

Mzee akachukua kipande cha fila, akakisogeza mbali na uso, akakirudisha karibu, akaanza kuvuta. Mimi nilikuwa nyuma ya bega lake. Nikaiona namba. Karatasi ya sanduku ilitaka elfu nne ya inchi, yaani inchi ukiigawa mara elfu uchukue sehemu nne, yeye ameshika elfu mbili, nusu ya nafasi iliyotakiwa. Hapo ndipo nilipoelewa yale macho ya kufumba, na nikaelewa mara ya kwanza gari lilinata kwa nini.

Sikusema. Meneja amesimama pale mikono nyuma, nitasemaje? Mzee akachagua nne zilizo nene, akaziandika chaki moja mpaka nne, na Meneja akaenda zake ameridhika.

Kesho yake niliingia bandani kabla yake. Nikashika elfu nne, nikapima zote nane. Zote nne alizochagua zilikuwa za kunata. Nikafuta chaki, nikaweka nyingine mahali pake, nikaiga mwandiko wake.

Tukafunga siku hiyo. Mzee akatia hendeli, akaizungusha injini kwa mkono polepole. Akasimama. Akazungusha tena, nayo ikazunguka nyepesi kuliko alivyotegemea.

"Petro, hizi si nilizochagua."

Nikaweka spana chini.

"Nilishika ngapi?"

"Elfu mbili, mzee wangu."

"Na uliona palepale?"

"Niliona."

Akakaa juu ya sanduku la vifaa. Nilitegemea ashukuru, wallahi nilitegemea. Akanitazama kwa hasira ambayo sijapata kuiona tena.

"Umenistahi mimi. Na kama leo ungeamka na homa, tungezifunga zile. Mama wa watu angezaa tena porini ili mimi nisione haya?"

Akaninyanyua kwa mkono, tukaenda ofisini. Alimwambia Meneja wima, kofia kichwani: "Macho yangu hayasomi tena. Mara ya kwanza gari nililiua mimi. Pistoni hizi kachagua Petro. Likinata, nifukuze mimi. Likienda, muandike yeye."

Likaenda. Lilitembea Mwera na Pangani mpaka bodi ikaoza na injini bado nzima. Meneja akaniandika mimi Fundi Mkuu, na mzee akamwacha kazini chini yangu, na nyumba yake.

Baadaye nilihamishiwa Korogwe, kisha karakana ya bandarini Tanga, na nilistaafu nikiwa na mafundi kumi na mmoja chini yangu. Wajukuu huniuliza siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote kazini. Si ile ya fila. Ni asubuhi ya kwanza ya ukubwa wangu. Nilijikokota kwenda bandani kwa aibu, nikamkuta mzee amekwisha kufagia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Kisha akasimama, akafuta mikono, akasema, "Fundi Mkuu, tunaanza na silinda ipi?"

Nikageuka nyuma kumtafuta anayesemeshwa.