Baiskeli ya Mkunga

Mchapishaji aliyenipa kazi ya kusanifu jalada alitaka liwe na picha ya mtoto mchanga aliyoitoa mtandaoni. Kitabu kilikuwa cha mkunga mstaafu wa Chunya, akisimulia maisha yake ya kuzalisha wanawake kwenye machimbo ya dhahabu. Nikaomba nikamwone kwanza mkunga mwenyewe.

Nilipofika kwake, baiskeli kuukuu ilikuwa imeegemea ukuta, imejaa vumbi jekundu. "Hii ndiyo iliyokuwa inanifikisha kwa wajawazito," akaniambia.

Niliporudi Mbeya niliichora kwa mkono, peke yake, juu ya rangi ya lile vumbi. Mchapishaji akanuna. "Nani atanunua kitabu chenye baiskeli?" Mwishowe alikubali shingo upande.

Kitabu kilizinduliwa Chunya. Mama mmoja muuza vitumbua alikishika, akalitazama jalada. "Jamani, si baiskeli ya bibi mkunga hii! Ndiyo iliyomleta nilipojifungua mapacha wangu." Akina mama wakamzunguka, kila mmoja akitaka kuiona. Mkunga akanishika mkono, akawaambia, "Aliyeichora ni huyu binti yangu."

Tangu siku ile, nikiulizwa kazi yangu, sisemi tena kwamba nachorachora tu; najibu bila kusita kwamba nasanifu majalada ya vitabu.