Dobi Aliyefundisha Watoto Mpira

Mume wa dobi alipohamia kwa mwanamke mwingine, aliondoka na pasi. Makunyanzi akamwachia mkewe. Tangu hapo dobi alifua na kuanika tu, wateja wakajipigia pasi wenyewe.

Alichobaki nacho, ambacho hakuna aliyekitamani, ni watoto wa Jumamosi. Mama zao waliwaacha, wa miaka minne mitano, kwenye kiwanja kilicho nyuma ya kamba zake za kuanikia. Ili wasimchafulie mashuka, aliwapa mpira. Loo! Walikuwa wakianguka hata wakiwa wamesimama. Basi akawafundisha alichokijua: ukikamua, kiuno kinageuka, ukisuuza, unapiga hatua pembeni, ukianika, unasimama kwa vidole vya miguu. Mwaka haukuisha, wakawa wanakimbia na mpira bila kugongana vichwa. Hata Kibonge, aliyekuwa akihema kwa kupanda ngazi tatu, sasa alizunguka kiwanja kizima akicheka.

Hapo ndipo alipotokea shemeji, mume wa mdogo wake, ana cheti cha ukocha cha wiki mbili na filimbi shingoni.

"Shemeji, mambo ya watoto siku hizi ni ya kitaalamu. Wewe utatufulia fulana."

"Na kusimama nani kawafundisha?"

"Miguu yao."

Jumamosi iliyofuata angekuja afisa wa michezo kuandika jina la mkufunzi. Ambaye angeandikwa ndiye angebaki na watoto. Shemeji alikuwa ameshanunua kofia.

Siku yenyewe alipanga koni; watoto wakazivaa kichwani. Akapuliza filimbi, watano wakalia, mmoja akaaga kwenda kwao. Mpira ulikuwa umekaliwa na Kibonge.

Dobi alikuwa kwenye beseni lake, ameapa kutofungua mdomo. Akakamua fulana. Watoto ishirini wakageuza viuno. Akasuuza nyingine, wakapiga hatua pembeni wote pamoja, kama waliofungwa kamba moja. Akajikuna pua, pua ishirini zikakunwa.

"Ajabu!" alisema afisa, mama mmoja mwenye miwani. "Kocha, mbinu hii umeitoa wapi?"

"Nimeisomea," shemeji akajibu bila kupepesa macho.

Dobi akaiacha fulana beseni. Mume kaenda, pasi imeenda, na hawa nao? Akaketi chini, palepale kwenye maji ya sabuni. Watoto wakaketi. Akakunja mikono, mikono arobaini ikakunjwa.

"Kocha, wainue tuendelee," alisema afisa.

Filimbi ililia mpaka mbwa wa jirani wakaitikia. Hakuinuka mtu. Shemeji akamchuchumalia dobi, jasho likimtoka chini ya kofia.

"Shemeji yangu, usiniaibishe mbele za watu. Inuka."

"Mimi si wa fulana? Fulana zimekwisha. Napumzika."

"Mdogo wako atalia."

"Akilia mkingie beseni."

Afisa akasogea, fomu mkononi. "Mama, utakaa hapo mpaka lini?"

"Mpaka uandike anayestahili."

Afisa akawatazama watoto, akamtazama yule mwenye filimbi, kisha akakata mstari mmoja na kuandika mwingine. Akamwonyesha. Dobi hakuipokea karatasi. Darasa hakuwahi kuliona, na dole gumba lake lilishawahi kumpotezea nyumba kwa karatasi aliyosomewa nusu.

"Asome shemeji."

Shemeji akasoma kwa sauti ya mtu aliyemeza nzi: "Mkufunzi wa watoto: dobi. Msaidizi wake..." Akakohoa.

"Sisikii," alisema dobi. "Na wa nyuma hawasikii."

"Hatusikii!" wakapiga kelele watoto, mikono bado imekunjwa.

Shemeji akavua kofia, akasafisha koo, akaanza upya tangu mwanzo.