Mama Kikono Agoma Kuvuna Kabla ya Siku

Saa moja asubuhi, Mama Kikono amepiga magoti kwenye bustani nyuma ya nyumba yake, shavu karibu liguse udongo, akichungulia tumbo la tikiti kama fundi anayetafuta mafuta yanakovujia chini ya gari.

"Bado," anasema, na kusogea kwenye linalofuata.

Nyuma yake amesimama mpishi mkuu wa hoteli, mikono kiunoni. Anataka matikiti ishirini ya wageni wa mchana. Akiridhika, atanunua hapa kila wiki. Mama Kikono amemkatia tisa tu.

"Mama, mbona umeacha makubwa?"

"Ukubwa si kuiva, baba. Hata shemeji yangu huyu ni mkubwa."

Shemeji, aliyeshika toroli, anajifanya hakusikia.

Mwaka jana zamu ya kucheka ilikuwa yake. Mama Kikono aligonga matikiti kwa kidole, akaridhika na mlio, akavuna yote arobaini na matatu siku moja. Thelathini na moja yalikuwa meupe ndani. Wateja waliyarudisha mpaka mlangoni. Mbuzi wa jirani wakanenepa.

"Shemeji aliniuliza eti nilipoyabishia hodi matikiti, nani aliitikia," anakumbuka.

Msimu huu hagongi. Anatazama kikono, kile kiuzi kilichojisokota karibu na kikonyo cha tunda. Ndicho kilichompa jina.

"Kikiwa kijani, tunda bado linanyonya. Kikikauka chote, na doa la chini likiwa la manjano, hapo nachukua kisu."

Mpishi haamini. Analichuma mwenyewe lile kubwa kuliko yote na kulipasua juu ya toroli. Ndani limepauka, mbegu nyeupe. Anaonja, anatema.

Anapasua moja kati ya yale tisa. Jekundu mpaka karibu na ganda, na maji yanamchuruzika hadi kiwikoni. Anamaliza kipande cha pili.

"Haya nachukua. Mengine nitafuata Alhamisi, na kila wiki utanichagulia wewe."

"Sawa. Na hilo ulilochuma mwenyewe utalilipia."

Mama Kikono ameshapata kiwanja ng'ambo ya uzio. Atapanda kwa mafungu, kila wiki fungu lake, ili matikiti yaive kwa zamu.

"Mwakani nataka hoteli tatu," anasema, akifuta kisu kwenye aproni. "Zote zingoje mimi niseme tikiti limeiva."