Mbari ya Bauer Ilipokuja Chaka

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo haitoki kichwani mwangu, na nitakuambia ukweli, mpaka leo sijaielewa yote. Ni siku ambayo watu wa Bauer walikuja hapa Chaka kumposa Wangechi wangu.

Mimi sikusoma. Nilifika darasa la tatu nikatolewa kwenda kuchunga, na kila kitu unachokiona hapa, nyumba hii ya mawe, bucha kule stendi, vile vyumba vya kupangisha, nilikijenga kwa mikono yangu na mdomo wangu. Kwa hivyo usitarajie nikueleze Ujerumani kama mwalimu. Nitakueleza vile nilivyoiona ikiingia kwa lango langu.

Wangechi ndiye binti yangu wa kwanza. Ana jina la mama yangu, ndiyo maana namwita mama, na akinikasirikia mimi hunyamaza kama mtoto. Alisomea uuguzi, akapata kazi Ujerumani, na huko akakutana na kijana anaitwa Jonas Bauer. Aliponiambia kwa simu, nilimuuliza swali ambalo mzazi yeyote wa huku angeuliza. Bauer ni nani? Akasema ni jina la familia. Nikamwambia sawa, lakini ni jina la nani, nani alimwachia? Akasema hakuna, wote ni Bauer tu, tangu zamani.

Hapo ndipo nilianza kupotea. Kwetu jina ni la mtu. Kijana wa kwanza anapewa la baba ya baba yake, wa pili la baba ya mama yake, na yule mzee hata akiwa amekufa anarudi kupitia huyo mtoto. Mama yangu alikuwa akimwita kijana wangu wa kwanza "mume wangu", na hakuwa anacheka, kwa sababu mtoto alibeba jina la mumewe. Sasa jina ambalo limebebwa na kila mtu, huyo anayerudi ni nani?

Wangechi akajaribu kunieleza. Akasema majina mengi ya Wajerumani yalitokana na kazi, na kwamba Bauer maana yake ni mkulima. Nikafurahi. Nikauliza kijana analima nini. Akasema halimi, anatengeneza mashine za hospitali. Ati huko yuko Schmidt, yaani mhunzi, ambaye anang'oa meno. Yuko Schneider, fundi wa nguo, anayeendesha basi. Na mkubwa wake wa kazi ni Fischer, mvuvi, na samaki hagusi. Nikamwambia, "Mama, hawa watu walichanganya majina yao siku moja na hawajawahi kurudishiana." Alicheka mpaka simu ikakatika.

Basi nikaenda kwa Kariuki, kinyozi wangu, mtu wa simu kubwa na maneno mengi. Nilipomtajia Bauer aliweka mashine chini, kichwa changu kikiwa kimenyolewa nusu, akaanza kutafuta. Akapata Bauer wa mpira. Akapata Bauer wa serikali. Akapata mama mmoja Bauer anayeimba, na Bauer mwingine wa mambo ya sayansi, aliyekufa kitambo na bado wanamsifu. Kila akipata mmoja ananionyesha uso kwa simu, na mimi natafuta pua inayofanana.

"Mzee, umeangukia bahati," akaniambia. "Hii mbari iko kila mahali."

Mbari, mwanangu, ni watu wa babu mmoja. Kwetu ukimpata mtu mkubwa mwenye jina la mbari yako, huyo ni wako, na siku ya shughuli lazima atume hata salamu. Mimi nikaamini. Kariuki naye hakunyamaza, na kabla ya wiki kuisha, kutoka Kiganjo mpaka Naro Moru watu walikuwa wanasema mchezaji wa mpira wa Ulaya anakuja hapa kwangu, kwa Wahome, kula mbuzi. Nikaongeza hema la pili. Wamama wakaongeza sufuria.

Siku ya ruracio ikafika, yaani siku ya kuzungumza mahari. Siku hiyo baba ya msichana haongei. Anayeongea ni mzee wa mbari, na kwetu ni Ndirangu, mtoto wa ndugu mkubwa wa baba yangu, mtu mkali, ambaye sijawahi kumwona akicheka kabla ya kushiba. Hata kijana anayeposa haongei. Anaongelewa na wazee wake.

Gari lilifika likatoa watu watatu. Tukangoja lingine. Hakukuwa na lingine.

Wakajitambulisha. Kijana ni Bauer. Mama yake ni Lindner, kwa sababu alirudia jina la baba yake. Mzee aliyekuja naye, mrefu, mkimya, mikono mikubwa kama ya mtu wa machimbo ya mawe, ni Hoffmann. Watu watatu, majina matatu. Ndirangu aliinama akaniuliza sikioni kama hawa walikutana kwa ndege.

Hapakuwa na mzee wa Bauer wa kumwongelea kijana, kwa hivyo Ndirangu akamgeukia kijana mwenyewe. Jonas alikuwa amefundishwa Kiswahili na Wangechi, akakitoa polepole.

"Yule Bauer wa mpira ni nani wako?"

"Simjui, mzee."

"Ni ndugu ya baba yako?"

"Hapana. Ni jina tu."

Watu wakaguna katika hema zote mbili. Ndirangu akauliza wa serikali, akaambiwa hamjui. Akauliza yule aliyekufa, akaambiwa hamjui. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayechoka, yeye anamjua Bauer yupi.

"Sasa ni mimi tu," Jonas akasema. "Baba yangu aliondoka nikiwa mdogo. Sijui aliko."

Mwanangu, ungekuwa hapo ungeelewa vile tulivyosikia sisi. Mtu anasimama mbele ya wakwe na kuwakana watu wa jina lake mmoja baada ya mwingine. Kwetu huyo amewakosea jambo kubwa au wamemtoa kwao. Shangazi mmoja kule jikoni akasema, na hakusema polepole, "Walimfukuza. Angalia vile amenyamaza." Yule kijana hakuwa ametukosea chochote. Alikuwa anajibu kweli, na kila kweli yake ilikuwa inamzika zaidi.

Ndirangu akaweka usinga wake chini. "Hatuwezi kula mbuzi ya Bauer kwa mkono wa Hoffmann," akasema. "Waende. Wakipata watu wao, warudi."

Nikaangalia nyuma ya nyumba, mahali Wangechi alikuwa amekaa na wanawake. Asubuhi hiyo alikuwa ameniambia neno moja, bila hasira, na hapo ndipo liliniuma: "Baba, mkimrudisha huyu, narudi naye, na mimi sitakuja tena." Mama yangu nilimzika mara moja. Nikawa nimekaa pale kwa kiti changu, kimya kama desturi inavyotaka, naona nikimzika mara ya pili.

Na ndipo nikakumbuka Othaya.

Nilikuwa kijana, sina baba. Wajomba zangu na ndugu za baba hawakunitaka karibu kwa sababu waliogopa nitadai shamba. Aliyenishika mkono ni mzee Hassan, Mwislamu, muuza mifugo wa Nanyuki. Alinikuta sokoni nikifunga mbuzi za watu kwa malipo ya chai. Akanichukua tukawa tunaenda Doldol kununua, tunarudi na mifugo kwa miguu, na njiani ananifundisha kufungua mdomo wa mbuzi na kusoma meno, na kumtazama muuzaji machoni kabla ya kumtazama mbuzi. Nilipompata Wairimu, mke wangu, binti wa mkulima wa chai kule Othaya, nilienda kwa watu wa baba yangu kuwaomba waniongelee. Hakuna aliyetoka. Akatoka Hassan.

Hebu piga picha. Mvua ya Othaya, matope mekundu, wazee wa Kikuyu wamekaa na makoti yao, halafu anaingia Hassan na kanzu nyeupe na kofia, amebeba viatu mkononi. Wakamuuliza yeye ni wa mbari gani. Akawataja watu wake wote mpaka babu ya babu, kwa furaha, na hakuna hata mmoja waliyemfahamu. Wakaniuliza mimi, watu wa jina lako wako wapi? Mzee mmoja akasema nirudishwe.

Basi baba ya Wairimu, mzee Gichuki, ambaye alipaswa kunyamaza, akawanyamazisha wao.

"Mnauliza jina. Mimi niko na swali lingine," akasema. "Huyu kijana akimpiga binti yangu, nitaenda kugonga mlango wa nani? Hao wa jina hawajakuja hata kwa mbuzi. Watakuja kwa kilio?" Akamgeukia Hassan. "Wewe wa kofia. Nikikutafuta Nanyuki, nitakupata?"

Hassan akamwambia, "Uliza mtu yeyote sokoni. Atakuleta mpaka mlangoni, na utanikuta."

"Keti," mzee Gichuki akasema. Na mimi nikapata mke.

Haya yote yalinipita kichwani pale Chaka, na wale wageni walikuwa wameanza kusimama. Mama wa kijana alikuwa anatafuta mkoba wake na hauoni, na uko begani. Nikasimama mimi. Ndirangu akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyevua nguo kanisani. Nikamwambia, "Mzee, nitakuomba msamaha kesho." Nikamgeukia yule Hoffmann, nikamwambia Jonas amtafsirie kila neno.

"Mtoto wangu akilia huko kwenu, nitagonga mlango wa nani?"

Jonas akatafsiri. Hoffmann akarudi kuketi. Nilidhani hajaelewa. Wangechi alikuwa ameniambia kwamba huyu mzee aliendesha lori maisha yake yote, na mimi watu wa lori nawajua, hawajibu haraka. Mwishowe akaongea, na Jonas akatafsiri.

"Anasema alipokuja kuishi na mama yangu alinikuta mdogo, naogopa mbwa. Anasema tulitembea na mbwa wa jirani kila jioni mpaka nikaacha kuogopa."

Halafu Hoffmann akatia mkono mfukoni, akatoa kishada cha funguo, akaanza kutoa mmoja kwa kucha. Ulimsumbua. Vidole vikubwa, pete ngumu, na watu wa hema zote mbili wakinyoosha shingo kuona. Ulipotoka alitembea, akauweka mbele yangu mezani, akasema maneno machache. Jonas akatafsiri.

"Anasema ni wa mlango wake. Usigonge. Ufungue."

Ndirangu aliuchukua, akaugeuza, akaupima uzito kwa kiganja kama mtu anayenunua msumari. Akauliza kama ni wa nyumba ya kijana. Akaambiwa la, ni wa mzee mwenyewe. Kisha akasogea kwa benchi lake, akapigapiga mahali palipobaki.

"Mwambie akae hapa. Tuanze." Na baadaye, alipokwisha kushiba, akaninong'oneza, "Lakini huyo wa mpira bado nataka kujua."

Mimi pia, mwanangu. Bado sielewi vile watu wanaweza kushiriki jina moja bila kujuana, au mtu amlee mtoto wa jina lingine, na hakuna anayeona ajabu. Lakini hata sisi tuna yetu. Kijana wangu wa tatu anaitwa Hassan, na kila Jumapili ndiye anayepitisha kapu la sadaka kanisani. Maafisa wakiona kitambulisho chake humuuliza kama ni Mwislamu, anawajibu, "Hapana, ni babu yangu." Wanazidi kupotea.

Wangechi sasa ana mtoto wa kiume. Kwa desturi jina lake ni la baba ya baba. Wakati sisi wengine tunajiuliza ni baba yupi, Ndirangu alipiga simu yeye mwenyewe kuuliza jina la kwanza la Hoffmann ni nani. Ni Ewald. Basi mtoto ni Ewald. Kariuki kinyozi akaanza kutafuta kwa simu kina Ewald wakubwa, nikamwambia aweke hiyo simu chini aninyoe.

Sasa sikiliza shauri langu, na usiniambie mzee hakusoma. Ukienda kuoa au kuolewa, au kufanya kazi na mtu, utaambiwa jina lake, na watu watakutajia wakubwa wote walio nalo. Wasikilize, ni vizuri kucheka. Lakini usimpandishe mtu kwa sababu ya wakubwa asiowajua, wala usimshushe kwa sababu ya baba aliyeondoka. Muulize ni nani alikuja pamoja naye siku ngumu, na huyo aliyekuja, muulize mlango wake. Na wewe ukiwa na mlango, usingoje mtoto awe wa jina lako ndipo umfungulie.

Huu ufunguo uko hapa ukutani, kwa msumari, kando ya picha ya mama yangu. Mlango wake sijauona na labda sitauona. Mungu wa huu mlima akupe mlango wako mwenyewe, akupe watu wa kuuingia, na siku yako ngumu ikifika, akuletee mtu mwenye matope miguuni aseme, "Huyu yuko na mimi."